St. Augustine ya Wahispania: uingie Castillo, Fort Mose, nyumba ya González-Álvarez au Fort Matanzas?

Anayefika St. Augustine, Florida, kwa siku moja hukwama mapema. Mji ni mdogo, lakini kila kona ina kibao cha historia, na maduka mengi yamevaa sura ya Kihispania ingawa yamejengwa juzi. Ukifuata umati, jioni itakukuta umechoka na ulichokiona ni kidogo. Nimewapeleka wageni huko mara kadhaa, wengi wao ndugu na jamaa waliotoka Mombasa na Tanga, na kila safari tumeuliza swali lile lile tukiwa bado garini: saa tulizo nazo ni chache, tuingie wapi?

Hapa nalinganisha sehemu nne ambazo zote zimetokana na enzi ya Wahispania. Ya kwanza ni Castillo de San Marcos, ngome kubwa ya mawe iliyo katikati ya mji, ukingoni mwa maji. Ya pili ni Fort Mose, makazi ya Waafrika waliotoroka utumwa, kaskazini kidogo ya mji. Ya tatu ni nyumba ya González-Álvarez, ambayo wenyeji huiita tu Nyumba Kongwe. Ya nne ni Fort Matanzas, mnara mdogo wa ulinzi ulio kisiwani upande wa kusini.

Nimeyaacha kwa makusudi majumba ya Henry Flagler, kama ile iliyokuwa Hoteli ya Ponce de León ya mwaka 1888 na leo ni chuo. Yanapendeza, na watu huyapiga picha wakidhani ni kazi ya Wahispania, lakini aliyeyajenga ni tajiri wa Kimarekani, zaidi ya miaka 60 baada ya bendera ya Uhispania kushushwa.

Mji wenyewe, kwa haraka

Pedro Menéndez de Avilés aliuanzisha mji huu tarehe 8 Septemba 1565 kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili. Alikuwa ameiona nchi kavu tarehe 28 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Augustino, na ndipo jina lilipotoka. Augustino huyo alikuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, kwa hiyo mji mkongwe kuliko yote iliyoanzishwa na Wazungu katika Marekani bara na kukaliwa mfululizo umebeba jina la Mwafrika. Wahispania waliushika hadi 1763, Waingereza wakaukalia miaka 20 hivi, Wahispania wakaurudia 1784, na mwaka 1821 ukawa wa Marekani.

Kwa mtu wa pwani yetu, Felipe wa Pili si mgeni. Alikuja kuitawala Ureno pia, na Fort Jesus ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593 ilijengwa chini ya taji lake. Kwa hiyo anayeijua Fort Jesus akisimama mbele ya Castillo ataona kama amekutana na binamu: umbo lile lile la pembe zinazotokeza, ili mizinga ya pembe moja ilinde ukuta wa pembe ya pili.

Nilivyopima

Nimetumia vipimo vitano. Kwanza uhalisi: unachokigusa kwa mkono ni cha zamani kweli, au ni mfano uliojengwa upya? Pili hadithi: mahali panamsemea nani? Tatu njia, jua na muda. Nne pesa. Tano, hali ya watoto na wazee. Kipimo cha pili ndicho kilicho kizito zaidi kwangu, na nimekipa nafasi kubwa. Wewe huenda ukaona cha tatu ndicho kinachoamua, hasa ukisafiri mwezi wa saba.

Uhalisi

Hapa Castillo ina nguvu kubwa. Ujenzi ulianza mwaka 1672 na kumalizika 1695, na kuta unazoziona ndizo zile zile. Kabla yake kulikuwa na ngome za mbao, moja baada ya nyingine, zikioza kwa unyevu au kuungua. Mwingereza Francis Drake aliuchoma mji mwaka 1586. Mwaka 1668 haramia Robert Searle aliuvamia usiku, watu wakauawa mitaani, na hapo ndipo Uhispania ilipokubali kutoa fedha za ngome ya mawe. Mhandisi alikuwa Ignacio Daza. Waliobeba mawe walikuwa Wahindi Wekundu kutoka misheni za jirani, wafungwa na watumwa, wakiongozwa na mafundi walioletwa kutoka Cuba.

Jiwe lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo. Linaitwa kokina, na lilichimbwa kisiwa cha Anastasia, ng'ambo ya ghuba. Ni makombe madogo ya baharini yaliyogandamana kwa maelfu ya miaka. Likichimbwa huwa laini, hukatwa kwa urahisi, kisha huachwa likauke na kuwa gumu. Sogea karibu na ukuta utaona makombe yenyewe, moja moja, kama yalivyolala chini ya bahari. Kwetu tulijenga kwa matumbawe, nao wakajenga kwa makombe, na chokaa yao, kama yetu, ilitoka kwenye vitu vya baharini vilivyochomwa. Faida ya kokina iliwashangaza hata waliojenga: risasi ya mzinga ikiipiga haiipasui. Jiwe hubonyea na kuimeza. Mama yangu mzazi, aliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, aliupapasa ukuta ule kwa kiganja kwa muda mrefu kisha akasema, "Hawa walijua bahari."

Fort Matanzas nayo ni ya kokina na ni ya asili, ya mwaka 1740 hadi 1742, ingawa iliachwa ikaharibika na kukarabatiwa katika karne ya 20. Ni ndogo mno, kila upande kama mita 15, na mnara wake ni mita 9 hivi. Tofauti kubwa ni mazingira. Ukiwa juu yake huoni hoteli wala duka la nguo. Unaona kinamasi, mlango wa bahari na ndege, na si vigumu kuamini kwamba ndivyo mlinzi wa Kihispania alivyoona.

Nyumba ya González-Álvarez inahitaji jicho la kuchambua. Kuta za chini ni za kokina, za mwanzoni mwa karne ya 18, na kwa kawaida hutajwa mwaka 1723 hivi. Sakafu yake ya chini ni ya mchanganyiko wa chokaa, mchanga na vipande vya makombe, ambao huko huitwa tabi. Ghorofa ya mbao iliongezwa baadaye, Waingereza walipokuwa ndio wenye mji. Hii si nyumba ya wakati mmoja. Ni nyumba iliyojengwa na kila aliyeikalia, kama nyumba zetu za Lamu ambazo babu alianza kwa chumba na mjukuu akapandisha ghorofa. Anayetaka usafi wa kipindi kimoja ataudhika. Mimi hupenda hivyo ilivyo.

Fort Mose haina ukuta wa asili hata mmoja. Ilijengwa kwa udongo, mbao na makuti ya huko, na sehemu ya ngome ya kwanza imemezwa na kinamasi. Mabaki ya ya pili yamelala chini ya ardhi, katika kisiwa kidogo kilichozungukwa na majani marefu. Yalithibitishwa na wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Kathleen Deagan kati ya 1986 na 1988, huku mwanahistoria Jane Landers akizifukua nyaraka za Kihispania. Leo kuna makumbusho madogo, njia ya mbao inayoingia kinamasini, na ngome ya mfano iliyojengwa miaka ya karibuni kuonyesha ile ya 1738 ilivyokuwa.

Kwa kipimo hiki, basi, Fort Mose iko mwisho, na sitaficha. Ila nakuomba ujiulize kwa nini. Pale Gede, kilomita chache kutoka Malindi, kuta za mawe za matajiri bado zimesimama, na nyumba za udongo na makuti za watu wengi zaidi hazipo. Mose imepotea kwa sababu hiyo hiyo. Waliokuwa na jiwe waliacha jiwe.

Hadithi

Castillo inasimulia dola. Mwaka 1702 gavana James Moore wa Carolina, koloni la Waingereza upande wa kaskazini, alikuja na jeshi. Watu wapatao 1,500, askari na raia pamoja, walijifungia ndani ya ngome kwa karibu miezi miwili. Moore hakuwa na mizinga ya kuvunja ukuta ule. Meli za msaada zilipofika kutoka Havana, aliuchoma mji akaondoka. Mwaka 1740 James Oglethorpe wa Georgia alijaribu tena, akaipiga kwa siku 27, akashindwa. Ngome hiyo haijawahi kutekwa kwa vita. Ilipohama kati ya Uhispania, Uingereza na Marekani ilikuwa kwa karatasi, wakubwa wakiwa wameketi mezani mbali na Florida. Msomaji wa Mombasa atakumbuka kuwa miaka michache kabla ya kuja kwa Moore, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waomani waliizingira Fort Jesus, na huko msaada ulichelewa na ngome ikaanguka.

Lakini Castillo ina sura ya pili, na wageni wengi huipita haraka. Chini ya Marekani iliitwa Fort Marion na ikafanywa jela. Osceola, kiongozi wa Waseminole, wenyeji wa Florida, alifungwa hapo mwaka 1837 baada ya kukamatwa chini ya bendera nyeupe ya mazungumzo. Kati ya 1875 na 1878 walishikiliwa hapo Wacheyenne, Wakiowa na wengine wa nyika za magharibi. Mlinzi wao, Richard Henry Pratt, aliwakata nywele, akawavalisha sare na kuwafundisha Kiingereza, kisha akayapeleka mawazo hayo katika shule ya bweni ya Carlisle aliyoianzisha 1879, ambako watoto wa kienyeji walinyang'anywa lugha zao. Baadaye, 1886 na 1887, wakaja Waapache karibu 500, wengi wao wanawake na watoto. Fort Jesus nayo ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Ukiingia vyumba vya chini vya Castillo, vile vyenye dari la mviringo na hewa nzito, tulia. Usikimbilie mizinga iliyo juu.

Fort Mose inasimulia watoro, na nalitumia neno hili kwa maana yake ya zamani ya pwani: watumwa waliokimbia mabwana zao. Mwaka 1687 mashua moja ilifika St. Augustine kutoka Carolina ya Waingereza. Ndani mlikuwa na wanaume 8, wanawake 2 na mtoto anayenyonya. Wakaomba ubatizo. Mwaka 1693 mfalme wa Uhispania akatoa amri kwamba mtoro atakayefika na kuwa Mkatoliki ataachwa huru. Habari ilienea mashambani Carolina, na watu wakaendelea kushuka kusini, wakivuka mito na vinamasi. Mwaka 1738 Gavana Manuel de Montiano akawapa makazi yao, Gracia Real de Santa Teresa de Mose, kilomita 3 hivi kaskazini ya mji. Waliishi hapo watu wapatao 100. Ni makazi ya kwanza ya Waafrika huru yaliyotambuliwa kisheria katika nchi ambayo leo ni Marekani.

Kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka aliyezaliwa Afrika Magharibi, akawa mtumwa Carolina, akatoroka. Alipofika St. Augustine hakuachwa huru papo hapo. Alishikwa utumwani tena, licha ya amri ya mfalme, na ilimbidi aandike maombi mara kwa mara huku akiongoza kikosi cha askari weusi wa mji. Hili lisemwe wazi: Uhispania haikuwa mkombozi. Ilikuwa na watumwa wake katika mitaa ile ile, na uhuru wa Mose ulikuwa na bei yake, kubadili dini na kusimama mstari wa mbele adui akija. Adui alikuja. Oglethorpe aliikalia Mose mwaka 1740, na Juni ya mwaka huo huo watu wa Mose wakairudisha wakiwa pamoja na Wahispania na wapiganaji wa kienyeji, katika mapigano makali hata Waingereza wakapaita Mose ya Damu. Ngome iliharibika, wakaishi mjini. Mwaka 1752 wakalazimishwa kwenda kuijenga tena, ingawa hawakutaka. Na 1763, Uhispania ilipoiachia Uingereza Florida, walipanda meli pamoja na Wahispania kwenda Cuba.

Ndugu yangu mmoja, tukiwa kwenye njia ile ya mbao, alisema mara moja, "Hii ni kama Fuladoyo." Alikumbuka makazi ya watoro nyuma ya Malindi na Mombasa katika karne ya 19, na Frere Town ya Kisauni iliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, mahali ambapo hadi leo panaitwa Kengeleni. Historia hizi si moja, wala bahari zake si moja. Lakini sijaona mgeni wa kutoka kwetu aliyeondoka Mose bila kutaja mahali pa nyumbani.

Nyumba ya González-Álvarez inasimulia familia. Tomás González, mtu wa Visiwa vya Canary, alikuwa askari wa mizinga pale Castillo. Mwaka 1763 yeye na familia yake waliondoka kwenda Cuba kama wengine. Wakati wa Waingereza nyumba ilinunuliwa na Joseph Peavett na mkewe Mary Evans, mkunga. Peavett alipofariki, Mary aliolewa na kijana aliyezimaliza mali kwa madeni, na mwaka 1790 nyumba ikauzwa kwa mnada. Akainunua Gerónimo Álvarez, mwokaji mikate kutoka kaskazini mwa Uhispania, na ukoo wake ukaikalia hadi 1882. Hakuna mfalme wala jenerali. Kuna mjane, deni na mkate, na bendera zinabadilika juu ya paa lile lile. Anayetaka kujua watu walivyoishi mjini ataelewa mengi hapa kuliko katika ngome zote.

Fort Matanzas inasimulia mauaji na upweke. Neno "matanzas" ni la Kihispania lenye maana ya machinjo. Septemba na Oktoba 1565, karibu na mlango huu wa bahari, Menéndez aliwaua Wafaransa Waprotestanti karibu 250 waliokuwa wamevunjikiwa na meli kwa dhoruba, pamoja na kamanda wao Jean Ribault. Wachache tu ndio waliosalimika. Mnara wenyewe ulikuja miaka 175 baadaye, baada ya Oglethorpe kuonyesha mwaka 1740 kwamba mji unaweza kufikiwa kwa mlango wa nyuma. Askari waliokaa humo kwa zamu walikuwa 7 hadi 10 kwa kawaida. Walipika na kulala ndani ya chumba kimoja. Waingereza waliporudi 1742, mizinga yake iliwafukuza.

Njia, jua na muda

Castillo iko mjini, unafika kwa miguu, na saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Juu kwenye mizinga hakuna kivuli. Kiangazi cha Florida si joto la Mombasa lenye upepo wa bahari wa kudumu. Hewa husimama, na alasiri huja mvua ya radi, na radi ikianza sehemu ya juu hufungwa. Nenda asubuhi milango inapofunguliwa.

Nyumba Kongwe iko mtaa wa St. Francis, upande wa kusini wa mji wa kale, mwendo wa robo saa au zaidi kidogo kwa miguu kutoka Castillo, kupitia mitaa myembamba inayopendeza kuliko barabara kuu ya watalii. Saa moja inatosha. Kuna bustani yenye kivuli.

Fort Mose inahitaji gari, dakika chache tu. Saa moja, au zaidi ukisoma kila kitu. Beba dawa ya mbu.

Fort Matanzas ndiyo inayodai muda zaidi: kilomita 23 hivi kusini, kwa gari, kisha feri ndogo inayovuka hadi kisiwani. Feri huchukua watu wachache kwa safari, na hali ya hewa au matengenezo huweza kuisimamisha, kwa hiyo angalia taarifa zao kabla ya kuondoka. Bila feri utabaki ufukweni ukiutazama mnara kwa mbali. Itengee asubuhi nzima.

Pesa

Tiketi ya Castillo kwa mtu mzima imekuwa dola 15 na hutumika kwa siku 7 mfululizo, hivyo usilazimike kumaliza yote siku moja. Walio chini ya miaka 16 huingia bure wakiwa na mkubwa. Fort Matanzas ni bure, feri ikiwemo. Fort Mose unatembea nje bure na makumbusho ni dola chache. Nyumba Kongwe ina kiingilio, nacho huenda kwa chama cha historia cha mji, ambacho kimeitunza nyumba hiyo tangu 1918. Bei hupanda, kwa hiyo hakikisha kabla. Kinachowashtua wageni wengi si viingilio bali maegesho ya gari katikati ya mji.

Watoto na wazee

Watoto huipenda Castillo kuliko zote, hasa siku wanapofyatua mizinga kwa maonyesho. Matanzas inafuata, kwa sababu ya boti. Nyumba Kongwe huwachosha walio chini ya miaka minane au tisa, maana ni ya kusikiliza na si ya kukimbia. Fort Mose inategemea utakavyowasimulia njiani. Mtoto aliyeambiwa habari za mashua ya 1687 kabla ya kufika huitafuta kwa macho majini.

Kwa mzee au mwenye shida ya magoti, Mose ndiyo rahisi kuliko zote: njia ni tambarare. Castillo chini hapana tabu, lakini kufika juu ni kwa ngazi ndefu za mawe. Ghorofa ya Nyumba Kongwe ina ngazi za kizamani. Matanzas ina ngazi za kupandia na kileleni ni ngazi nyembamba ya wima. Wazee wangu waliketi chini wakasubiri, na hawakulalamika, kwa kuwa upepo wa pale ni mzuri.

Kwa hiyo uende wapi?

Ukiwa na nusu siku tu, umekuja na watoto, na huna gari, ingia Castillo. Huna haja ya kutafuta kingine. Jipe muda chini, kwenye vyumba vya wafungwa, kama ulivyojipa juu.

Ukiwa na gari, na kilichokuleta ni historia ya Waafrika katika bara hili, anza Fort Mose asubuhi kabla ya mji. Ukianza Castillo, ukubwa wake utaifanya Mose ionekane ndogo, na utaipitia haraka. Ukianza Mose, utakapofika Castillo utajua ni nani alikuwa akilinda njia ya kaskazini. Kisha malizia kwenye uwanja wa mji, Plaza de la Constitución, ambao hauna kiingilio. Hapo kuna kanisa kuu la miaka ya 1790, lililoungua 1887 na kujengwa tena ndani ya kuta zake. Na hapo hapo, mwaka 1964, waandamanaji weusi walipigwa usiku wakidai haki sawa. Juni ya mwaka huo Martin Luther King alikamatwa mjini humo, na sheria ya haki za kiraia ikatiwa saini tarehe 2 Julai. Kuna mnara wa kuwakumbuka waandamanaji hao, wenye sura za watu wa kawaida, na vijana wengi huupita bila kuuona.

Ukiwa mtu wa nyumba, mjenzi, fundi, au unayependa kuona watu walivyopika na kulala, nenda Nyumba Kongwe na usikilize maelezo hadi mwisho. Hata kama ngome huzipendi, hapa utaridhika. Inafaa pia siku ya mvua, kwa sababu sehemu kubwa iko ndani.

Ukiwa umeshaona ngome nyingi, au mfuko ni mwepesi, au umechoshwa na umati, endesha hadi Fort Matanzas. Inawafaa pia wanandoa na wapiga picha. Haimfai mwenye ratiba ya kubana.

Ukiwa na mama au baba mzee, panga Mose na ghorofa ya chini ya Castillo, na katikati mpumzike kwa chakula. Usijaribu kuongeza cha tatu.

Na ukiwa na siku mbili kamili, mimi hufanya hivi: siku ya kwanza Mose asubuhi, Castillo baadaye kidogo kabla jua halijawa kali, uwanja wa mji jioni. Siku ya pili ni feri ya kwanza ya Matanzas, kurudi mjini saa saba au saa nane za mchana, na Nyumba Kongwe alasiri wakati mvua inanyesha. Tiketi ya Castillo bado iko hai, kwa hiyo jioni hiyo tunapita tena kugusa ukuta.